Mbegu Zisizopaswa Kuamka

Jumanne, tarehe 14 Septemba 2088, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Nyuzi joto kumi na tisa, ukungu umelala juu ya ziwa, upepo hakuna, mvua za vuli zinatarajiwa baada ya siku tisa. Ndivyo nilivyoandika juu ya ukurasa, kama nilivyoandika kila asubuhi ya kazi kwa miaka kumi na miwili, kwa kuwa nilifundishwa shuleni kwamba ushahidi usio na saa ni umbea. Chini yake niliandika: Kundi la Arobaini na Moja, vioo vya hadubini mia mbili. Vioo mia moja tisini na saba, mbegu zimelala. Vioo vitatu, mbegu zimeamka.

Niliitazama sentensi ile ya mwisho mpaka herufi zake zikaanza kucheza. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, na macho yaliyokwisha kutumika.

"Hesabu tena," nilimwambia Asimwe.

Asimwe alikuwa fundi wangu wa maabara, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwenye mikono mitulivu na ulimi usiotulia, aliyeniita Ta, yaani baba, kwa heshima ya kwetu. Hakuinua kichwa kutoka kwenye hadubini yake.

"Ta Mutalemwa, nimehesabu mara tatu. Tukihesabu ya nne watazaana hapo hapo kwenye kioo, tuanze kuwatafutia majina."

"Hesabu."

Akahesabu. Vilikuwa vitatu.

Kazi yangu katika Kituo cha Kashaba ilikuwa moja tu: kuthibitisha kwamba buibui tunaowaachia hawatazaa. Kila mwaka, kabla ya vuli, malori yalitoka langoni yakiwa na majike laki sita, yakawagawa nyumba kwa nyumba katika ukanda mzima wa ziwa. Ni buibui wadogo, wapata ukucha wa kidole gumba, wasiotega utando. Humrukia mbu aliyeshiba damu kama paka anavyomrukia panya. Dawa za malaria zilipokuwa zimeshindwa zote, na vyandarua vimegeuka mapazia, wao ndio waliobaki upande wetu. Jike aliyekwisha kupandwa hutulia ukutani na kuwinda. Asiyepandwa hutangatanga akitafuta dume, akapotea. Kwa hiyo tuliwaachia wakiwa wamepandwa. Lakini sheria, iliyotungwa baada ya nzi wa kutengenezwa kuingia mashamba ya kusini na kukataa kuondoka, ilitaka kila kiumbe cha maabara kife ndani ya msimu mmoja bila kuacha mtoto. Jike alipaswa kubeba mbegu za dume, na mbegu hizo zilipaswa kubaki zimefungwa mpaka afe nazo.

Kufuli lenyewe lilikuwa la kistadi, nami niliwahi kujivunia kuwa mlinzi wake. Mbegu ya buibui si kama ya ng'ombe, inayotoka ikiogelea. Ndani ya korodani huanza kama seli ya mviringo. Kiini chake hurefuka na kukazana, mkia huota, na ndani ya mkia hupangika jozi tisa za mirija midogo kuzunguka mirija mitatu ya katikati, mahali ambapo ng'ombe na binadamu wana miwili. Kisha, ikiwa imekamilika na iko tayari kwa safari, mbegu hujikunja. Mkia hukizunguka kiini kama kamba iliyozungushwa kwenye kigingi, na tezi za dume huivika ganda la ute. Dume hufuma utando mdogo, hudondosha tone juu yake, hulifyonza kwa vipapasio viwili vilivyo mbele ya uso wake, na kwa vipapasio hivyo humpelekea jike. Ndani ya jike mbegu hulala katika vifuko, miezi na miezi, hadi ute wa jike uliyeyushe ganda na mkia ukunjuke.

Waliotutengenezea buibui wetu walibadilisha ganda tu. Walilifanya lisiyeyuke kwa ute wa jike peke yake, ila pamoja na kemikali moja tuliyoiita ufunguo, iliyotiwa katika maji ya kunywesha ndani ya nyumba yetu ya uzazi na isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Mimi nilichukua majike mia mbili wa kila kundi, nikapasua vifuko vyao juu ya kioo pamoja na ute wao, nikangoja hadi asubuhi, nikatazama. Mikia ikibaki imekunjwa, natia sahihi cheti cha mwaka huo. Kwa miaka kumi na miwili ilibaki imekunjwa.

"Namba za vioo," nilisema.

"Mia na kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne."

"Vinafuatana."

"Vinafuatana." Akageuza kiti. "Ta, jana saa nne ulikuwa na mgeni."

"Mzee Lutabingwa wa baraza la mkoa. Imeandikwa kitabuni."

"Ulimpa kahawa."

"Ulitaka nimpe nini? Maji ya bomba?"

"Ulivua glovu."

Nilikuwa nimekwisha kuona kosa langu. Katika nchi yetu mgeni hapewi kiti kabla ya kupewa kahawa, na kahawa ninayoisema si ya kikombe. Ni buni nzima, iliyochumwa kabla haijaiva sana, ikachemshwa na majani ya porini, ikaanikwa juani. Mgeni huchukua mbili tatu akatafuna, na mwenyeji hutafuna naye. Nayo hutolewa kwa kiganja kitupu. Anayetoa kahawa kwa mkono uliofunikwa anamwambia mgeni wake kwamba anamwona mchafu. Kwa hiyo nilivua glovu, kama baba yangu angalivua, nikampa mzee, nikatafuna, tukazungumza habari za mvua. Kisha nikavaa glovu zile zile kwa vidole vile vile, nikaendelea na kioo cha mia na kumi na mbili.

"Nipe jike mmoja wa akiba," nilisema.

Nilivaa glovu mpya. Nilimpasua jike, nikagawa ute na mbegu zake juu ya vioo viwili. Kimoja nilikiacha. Cha pili nilikigusisha ncha ya sindano niliyoichovya katika maji ambamo Asimwe alikuwa ameloweka ganda la buni moja kutoka kikapu changu. Tukangoja. Asimwe aliimba chini chini wimbo wa kanisani, akakosea ubeti.

Baada ya dakika arobaini kioo cha kwanza kilikuwa kimetulia kama makaburi. Katika cha pili ganda la ute lilianza kuwa hafifu pembezoni, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa ndani ya beseni. Kisha mkia mmoja ukatikisika. Ukajizungusha nusu mzunguko, ukasita, ukakunjuka wote, ukaondoka kwenye duara la mwanga. Mingine ikaufuata.

Nilichukua daftari la watengenezaji kutoka kabatini. Walijaribu vitu mia nne juu ya kufuli lao: sabuni, maziwa, tumbaku, dawa za shambani, jasho la binadamu. Kahawa ilikuwamo, namba mia mbili na sita. *Kahawa, ya kukaangwa, iliyochujwa. Haina athari.* Bila shaka haikuwa na athari. Moto wa kukaanga ulikuwa umeua chochote kilichokuwamo. Mle katika jiji lao hapakuwa na mtu aliyewahi kusikia kwamba kuna watu wanaotafuna buni isiyokaangwa. Sisi tuliojua hatukuulizwa. Nami niliyejua, na ambaye kazi yangu ilikuwa kuuliza, sikuuliza.

"Basi ni vidole tu," alisema Asimwe, kwa sauti ya mtu anayejipa moyo. "Tunafuta vioo vitatu, tunaandaa vingine, malori yanaondoka Ijumaa kama kawaida."

"Na nje je?"

"Nje wapi, Ta?"

Nilimwonyesha dirisha. Kutoka ukuta wa kituo hadi majini, na nyuma yetu hadi mpaka, ni vibanja tu: migomba juu, mibuni chini yake, nyumba katikati. Buibui wetu hulala mibunini mchana. Mibuni inapochanua hunywa asali ya maua yake.

Asimwe alitazama nje kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona mgomba.

"Kesho asubuhi twende kwa mama yangu," alisema mwishowe. "Kuna kitu nimekaa nacho mwaka mzima bila kukuonyesha. Ukitaka kunifukuza kazi, nifukuze kule kule, mbele yake, nisije nikairudia hadithi mara mbili."

*

Ma Kemilembe alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi. Alipokea shikamoo ya bintiye, akaniamkia kwa heshima ya kwetu, kisha akanipima kuanzia viatu hadi beji iliyokuwa kwenye ukosi wa koti langu.

"Ndiye huyu anayewapima buibui uzazi?"

"Ndiye, Mama."

"Maskini. Mtu mzima, tena kasoma."

Alinipa kahawa kwa kiganja. Nilichukua tatu, nikatafuna. Mtu hakatai kahawa. Kisha aliinuka kwa kujisukuma magotini, akatutangulia kibanjani hadi kwenye mbuni mkongwe, akageuza jani moja kwa kisu chake cha ndizi.

Chini ya jani palikuwa na kifuko cha hariri nyeupe, kidogo kama punje ya mahindi. Juu yake alikaa jike, amekunja miguu, akitutazama kwa macho yake makubwa mawili na madogo sita. Hariri ilikuwa nyembamba. Ndani yake niliona vitu vikitembea.

"Hawa ni wa mwaka huu," alisema Ma Kemilembe. "Mama yao huyu namfahamu, alizaliwa mbuni ule pale, mwaka jana kahawa ilipochanua. Bibi yao alikuja kwa lori lako mwaka juzi."

Vizazi vitatu. Juu ya bibi yao palikuwa na sahihi yangu.

"Kwa nini hamkuleta habari kituoni?" Nilimwuliza yeye, lakini nilimtazama Asimwe, naye akatazama chini.

"Usimwonee, mimi ndiye niliyemkataza," alisema mama. "Bwana, kabla ya buibui wako nilizika wajukuu wawili ndani ya mvua moja. Mmoja Jumatatu, mwingine Alhamisi. Matanga ya kwanza hayajaisha. Tangu hawa waanze kuzaa humu nimezika kuku tu. Nije niseme nini? Tena kwa nani? Kwa mtu atakayekuja na pampu ya sumu mgongoni?"

Yeye aliachia jani lirudi mahali pake, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto.

"Ila sitakudanganya," aliendelea. "Nyuki wamepungua. Wakati wa maua hawa hukaa ndani ya ua wakimngoja nyuki kama askari wa barabarani. Mwaka huu mibuni imezaa nusu. Jirani anadhani ni ugonjwa, anaweka majivu. Mimi nanyamaza. Nusu ya kahawa kwa wajukuu, nimeona ni biashara nzuri. Lakini jirani hakuulizwa."

"Hapana. Hakuulizwa."

"Utawaua?"

"Sina mamlaka hayo, Ma Kemilembe."

"Sikukuuliza mamlaka yako."

Tulirudi kituoni kwa miguu. Njiani nilisimama kwenye mibuni kumi na saba, katika vibanja sita, kwa idhini ya wenyewe. Nilikuta vifuko katika kumi na mmoja. Asimwe aliandika namba bila mzaha hata mmoja, na hilo ndilo lililonionyesha kwamba anaogopa. Nilimwambia kwamba sitamfukuza. Kosa la kunyamaza mwaka mmoja, nilimwambia, haliwezi kuadhibiwa na mtu aliyetia sahihi kwa miaka kumi na miwili.

*

Alhamisi, saa kumi alasiri, mkurugenzi aliniita. Malori manne yalikuwa yamekwisha kujipanga langoni, na kupitia dirisha lake nilisikia madereva wakibishana habari za mpira.

Mkurugenzi wa Kashaba alikuwa Severini Rwegasira, na kabla hajawa mkurugenzi wangu alikuwa kitanda cha jirani. Tulilala pamoja miaka sita katika Shule ya Bweni ya Nyaruhanga, mimi kabati namba sitini na moja, yeye sitini na mbili. Beji ya shaba niliyovaa mimi alivaa naye. Tulipokuwa peke yetu hatukutumia majina.

"Kaa, Sitini na Moja." Alinisogezea kisahani cha kahawa. Nilichukua. "Nimeisoma rasimu yako. Nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani umeugua."

"Sijaugua."

"Nimeona. Umeandika vizuri mno kwa mgonjwa." Akavua miwani, akajisugua macho. Alikuwa amechoka kama mimi; sote wawili tulikuwa tumebakiza miaka mitatu tustaafu. "Unajua sheria inasemaje. Ripoti hii ikitoka, kituo kinafungwa siku hiyo hiyo. Laki sita wanaingia tanuri. Tume inaundwa, tume inakaa, tume inakula. Mvua zinaanza baada ya siku saba. Watoto wangapi?"

"Elfu moja na mia mbili na arobaini, kwa hesabu ya mwaka wa mwisho bila buibui."

"Unaijua kwa kichwa."

"Nilijua utaniuliza."

Alisukuma karatasi moja mbele yangu. Ilikuwa imechapwa tayari, na nafasi ya sahihi yangu imeachwa chini. *Vioo vitatu vya Kundi la Arobaini na Moja vilichafuliwa na vidole vya mkaguzi baada ya kupokea mgeni. Vimerudiwa katika hali ya usafi. Mbegu zote zimelala.*

"Kila neno ni la kweli," alisema.

"Ndiyo. Hilo ndilo linalonichosha."

"Sema lisilo la kweli humo."

"Hakuna. Vidole vilikuwa vyangu, na Asimwe amevirudia vioo, safi kabisa. Mbegu zimelala ndani ya kituo hiki, Sitini na Mbili. Kituo hiki ndicho mahali pekee katika mkoa mzima ambapo bado zimelala."

"Basi kama wako nje tayari, hasara iko wapi? Kibaya kimekwisha kutokea, na kimetokea vizuri! Watoto hawafi. Mama Asimwe anafurahi. Unataka kumchomea nini?"

"Sitaki achomewe. Nataka jirani yake ajue kwa nini kahawa yake imezaa nusu. Watu hawa wataishi na buibui hao baada ya mimi na wewe kuoza. Wanadhani ni wageni wa msimu mmoja. Sisi ndio tuliowaambia hivyo, kwa maandishi, na sahihi ni yangu."

"Watapulizia sumu mibuni ya mkoa mzima."

"Huenda. Kuna kifungu cha tisa. Baraza la mkoa linaweza kusimamisha amri ya uteketezaji kwa msimu mmoja, panapo hatari ya uhai, likisikiliza wananchi kwanza. Linakutana kesho saa tatu. Nimeomba nafasi kwa Mzee Lutabingwa."

"Halijawahi kukitumia kifungu hicho."

"Halijawahi kuombwa."

Alivaa tena miwani. Akaacha kunitazama mimi, akatazama beji yangu. Nami nilijua, kabla hajafungua mdomo, kinachokuja. Nilikuwa nimekingoja miaka arobaini na mitano.

Nyaruhanga tulikuwa na desturi ambayo walimu waliijua na kujifanya hawaijui. Kosa likitendeka, mkuu wa shule aliuliza mbele ya shule nzima, "Nani?" na kengele ikaanza kupigwa. Kabla kengele haijaisha, mkosaji alipaswa kusimama. Lakini mwingine yeyote aliweza kusimama badala yake. Adhabu ikawa yake, na hakuna aliyeuliza zaidi. Aliyesimamiwa alikuwa na deni la kusimama mara moja, siku yoyote ya maisha yake, atakapoombwa. Aliyelikataa alirudisha beji, na jina lake likafutwa katika kitabu cha wahitimu.

Kidato cha tatu nilivunja hadubini ya shule. Ilikuwa moja. Niliichukua bila ruhusa siku ya Jumapili, nikitaka kuona damu ya chura, ikaniponyoka juu ya sakafu ya saruji. Nilikuwa nasoma kwa ufadhili wa parokia. Kosa la aina hiyo lingenirudisha nyumbani kuchunga mbuzi. Mkuu aliuliza, "Nani?" Kengele ilianza. Miguu yangu haikuinuka. Kitanda cha jirani kikainuka. Rwegasira alichapwa, akavuliwa ukiranja, akafukuzwa muhula mzima. Aliporudi alikuwa nyuma yetu darasa moja, na mlango wa sayansi ulikuwa umefungwa kwake. Mimi nilifungua kila mlango uliofuata. Kila kioo nilichowahi kukitazama, nilikitazama kwa macho aliyonilipia yeye.

"Sikuwahi kukudai," alisema.

"Hukuwahi."

"Mwanangu wa kwanza alipokosa nafasi chuoni ulikokuwa ukifundisha, sikukudai. Walipokupandisha cheo juu yangu, kabla hatujaja Kashaba, nilikupigia makofi. Nilikuwa nalitunza deni. Sasa naomba." Alikaa wima, kama tulivyofundishwa kukaa. "Nisimamie, Sitini na Moja. Mara moja. Sahihi moja chini ya maneno ya kweli."

Madereva nje walicheka kwa pamoja. Mmoja alikuwa ameshindwa ubishi. Niliisoma karatasi tena. Nilijaribu kwa dhati kuitia sahihi. Ningependa hilo lijulikane, maana kuna watu watakaosema kwamba lilikuwa jambo jepesi kwangu. Nilishika kalamu. Niliwafikiria wajukuu wawili wa Ma Kemilembe, Jumatatu na Alhamisi. Nilimfikiria mvulana wa miaka kumi na saba aliyebaki kitini kengele ikilia. Nikagundua kwamba tangu asubuhi ile sijawahi kuinuka. Nimekuwa nikikaa juu ya jina lake, naita jambo hilo heshima.

Niliiweka kalamu chini. Nilichukua rasimu yangu mwenyewe, nikaongeza mstari mmoja juu kabisa, mahali pa kwanza anapotazama msomaji: *Kosa ni la mkaguzi. Vyeti vyote kumi na viwili nilivyotoa tangu mwaka 2076 havina thamani, nami nimevifuta.* Nikatia sahihi, tarehe, na saa.

"Hii itasomwa kesho saa tatu," nilisema. "Nimeomba majike wasichomwe hadi baraza lisikilize. Ma Kemilembe atasema, na jirani yake atasema. Wakiwakataa buibui, nitakuwa nimeua watoto, nami nitajua ni wangapi. Wakiwataka, watakuwa wamewataka wenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe ulitumia vyeti vyangu kwa nia njema. Nimeandika hivyo, ukurasa wa tatu."

"Sikuulizi ukurasa wa tatu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilipoteza muhula mzima kwa ajili yako. Nilitaka kuwa daktari, Mutalemwa."

Ilikuwa mara ya kwanza, ndani ya chumba kile, kuniita kwa jina.

"Najua. Ungeniomba figo ningekupa jioni hii. Lakini ulinisimamia kwa uongo, nami nikaupokea kwa sababu niliogopa, na sitaulipa kwa mwingine ili watu ambao hawakuwa shuleni kwetu waubebe. Umeomba, nimesikia, na sina udhuru." Nilisimama. "Deni lako nalikataa."

Nilifungua pini nyuma ya ukosi. Beji ilikuwa imeacha alama ya duara juu ya kitambaa, mahali ambapo jua halikufika. Niliiweka mezani kando ya kisahani cha kahawa, uso wake juu, kama desturi inavyomtaka mtu anayekataa, nikarudi hatua moja, nikasubiri aichukue.

Hakuichukua. Tulibaki hivyo, wazee wawili, mpaka dereva mmoja akabisha hodi kuuliza kama wapakie au wasubiri.

"Wasubiri," alisema Rwegasira.

Nilitoka. Beji niliiacha pale pale.